Maiki ya Bei Mbaya, Sauti ya Bibi Kapa!

Leo sizungumzii mapenzi wala pamba. Leo nina machungu yangu mwenyewe, na usinicheke.

Kuna bibi yangu Ujiji, mama yake mama. Ana nyimbo za zamani za Kiha, za harusi na za kubembelezea watoto, ambazo hata mama hazijui zote. Umri umekwenda, themanini na ushee, na kifua siku hizi kinamsumbua. Nikasema nitamrekodi. Nikadunduliza, nikanunua maiki ya kondensa, ile nene unayoiona kwenye video za mastaa, nikadandia daladala kutoka geto kwangu Mwanga mpaka Ujiji, najiona prodyuza.

Balaa likaanza hapo. Kondensa ina masikio ya popo, bwana! Inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye priampu, na ikishaupata inasikia kila kitu: jogoo, bodaboda, mtoto wa jirani anayelilia uji, mpaka bati la Bibi linavyolia ka! ka! jua likilipiga. Kuta tupu zinarudisha mwangwi, nao inaunasa wote. Studio za maana zimevalishwa sponji na mazulia, sisi tuna simenti.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Priampu ndiyo inayokuza ule umeme kiduchu wa maiki kabla haujaingia kwenye kompyuta. Kwenye kisanduku changu imo humo humo, na ina kitufe cha kuzungusha. Bibi alianza kwa sauti ndogo, nikakizungusha karibu mpaka mwisho. Kilipofika kibwagizo akasahau umri wake, akapaza! Taa nyekundu inawaka, mimi niko bize napiga makofi. Nafika geto nasikiliza, sauti imepasuka kama spika ya disko vumbi. Na sauti ikipasuka wakati wa kurekodi, ndiyo basi. Ukiipunguza, inapasuka kwa chini chini.

Sasa washikaji, kama geto lako ni la bati, tafuta maiki ya dainamiki, kama Shure SM58 ambayo waimbaji wanaishika jukwaani tangu 1966 (angalia tu, bandia zake zimejaa). Haihitaji zile volti 48, na kwa kuwa si nyepesi kusikia inakulazimisha uimbe karibu, makelele ya mbali yanabaki mbali. Ubaya wake, mwenye sauti ndogo atataka priampu ikuze kama desibeli 60, na kisanduku cha bei chee kikifika huko kinapiga shiii. Kwa hiyo hela usizimalizie zote kwenye maiki. Kaa shubiri moja au pungufu, kisogo cha maiki kielekee dirishani, tundika blanketi na vitenge nyuma ya mwimbaji. Halafu mwimbishe kwanza pale anapopaza zaidi, kipimo kicheze karibu na desibeli -12, ndipo ubonyeze kurekodi.

Kondensa nimebadilishana na mshikaji wa Gungu mwenye chumba cha dari na zulia, kanipa dainamiki yake. Jumapili narudi Ujiji. Nilimpigia Bibi simu kumwambia tunarudia, akacheka mpaka akakohoa.

"Mume wangu, ule wimbo wa mwisho umeshanitoka kichwani. Njoo upesi, labda utarudi."