Neno la Mhariri: Mto Haugongewi Muhuri

Ukitaja mpaka katika Mkoa wa Songwe, wengi huwaza Tunduma, na wana haki: mizigo ya bandari ya Dar es Salaam iendayo Zambia na Kongo hupita hapo, na tangu Oktoba 2019 maofisa wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia, hukagua chini ya paa moja. Lakini mkoa una mpaka mwingine usio na foleni ya malori. Mto Songwe hushuka kutoka milima ya Ileje, huitenga Tanzania na Malawi, kisha hukata tambarare ya Kyela na Karonga hadi Ziwa Nyasa. Hoja yetu ni kwamba busara iliyotumika kwa malori ndiyo inayodaiwa sasa na udongo na maji ya tambarare hiyo.

Mpaka huo uliandikwa Berlin, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890, kana kwamba mto hukaa ulipowekwa. Songwe haukai. Miteremko na kingo zinapolimwa, masika huporomosha udongo. Mto ukifika bondeni hupoteza kasi, huacha mchanga, kina hupungua, nao hufurika na kuchimba njia mpya. Shamba la mpunga la upande huu hujikuta ng'ambo. Watu, kwa upande wao, hawakuwahi kugawanyika kama ramani: Wandali na Walambya wako Ileje na Chitipa ya Malawi, na Wanyakyusa wa Kyela huelewana kwa lugha na Wangonde wa Karonga. Wa bondeni, raia wa nchi yoyote, hulipia udongo uliopotea mlimani pande zote mbili.

Wapo wanaohofu kwamba kushirikiana kutadhoofisha mamlaka yetu, hasa wakati ubishi wa Tanzania na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa haujaisha. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo, azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) la Cairo la 1964 lilitaka mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Halikukataza majirani kulinda kingo kwa pamoja. Tena, anayetaka mpaka usihame ndiye wa kwanza kuhitaji mto usihame, na nchi moja haiwezi kuutuliza, kwa kuwa tuta la upande mmoja husukuma maji yale upande wa pili.

Wengine watasema kazi imekwisha kufanyika, maana mwaka 2017 serikali hizo mbili zilitia saini mkataba wa Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe. Hatua hiyo inathibitisha kwamba ubishi wa ziwa hauzuii ushirikiano wa mto, lakini mipango inayotajwa zaidi ni bwawa la umeme na umwagiliaji, linalongoja fedha nyingi. Makinga maji na miti havihitaji kungoja. Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo, ila mita hizo hazifai kitu iwapo ng'ambo panalimwa hadi majini. Halmashauri za Ileje na Chitipa zikubaliane kipimo kimoja na zikisimamie, kabla ya mkandarasi yeyote kufika. Bwawa litakalojengwa chini ya miteremko iliyo wazi litajazwa na mchanga ule ule unaoujaza mto leo.