Safari ya Lushoto na Haki ya Mama Kupumzika



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake, na Swahaba zake wote. Ama baad.

Wasomaji wetu wapendwa, siku za likizo zinapokaribia, nyumba nyingi za huku pwani huanza kuzungumza juu ya safari fupi ya mwisho wa wiki. Watoto wamechoka na joto, na baba anatamani kuiweka simu ya kazi kando. Mama naye anaulizwa jambo moja tu: "Utapika nini cha kuchukua njiani?" Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Tumewasikia akina mama wengi wakisema kwamba safari ya familia kwao ni jiko lile lile lililohamishwa mlimani, maji yakiwa baridi zaidi na vyombo vikiwa pungufu. Wengine hurudi nyumbani wamechoka kuliko walivyoondoka, kisha wanakuta nguo chafu za watu saba zikiwangoja.

Tukitazama safari za Mtume wetu (s.a.w.), tunaona mambo mengine kabisa. Alikuwa akisafiri na wake zake, na safari zake zilikuwa nzito: za vita, za ibada na za sulhu. Hata hivyo mwendo wa msafara ulizingatia hali ya wanawake waliomo. Alipokuwa Anjasha akiwaimbia ngamia waliobeba wanawake, na ngamia wakaongeza mbio, Mtume alimwambia apunguze, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Bibi Safiyya (r.a.) alipotaka kupanda ngamia, Mtume aliweka goti lake ili akanyage hapo apande. Mkufu wa Bibi Aisha (r.a.) ulipopotea njiani, jeshi zima lilisimama kuutafuta, mahali pasipokuwa na maji, na kutokana na kisimamo hicho umma huu ukapata ruhusa ya kutayamamu. Na katika safari nyingine aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, naye Bibi Aisha akashinda. Baada ya miaka walishindana tena, zamu hiyo akashinda Mtume.

Basi kipimo cha safari ya familia tunacho. Safari ambayo mama hakupumzika ndani yake, hata ikiwa picha zake ni nzuri, imepungukiwa na Sunna.

Mashauriano ndiyo mwanzo. Huko Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, watu walipolemewa na huzuni hata wakasita kuchinja na kunyoa, aliyetoa rai iliyoufungua mkwamo ule alikuwa Bibi Ummu Salama (r.a.). Ikiwa Mtume alichukua shauri la mkewe katika jambo zito kama lile, itakuwaje baba wa leo apange safari ya siku tatu peke yake, kisha amwambie mkewe usiku wa kuamkia safari? Kaeni pamoja mapema. Mama aulizwe anapenda kwenda wapi, lini mwili wake unamruhusu, na ni kazi gani asiyotaka kuiona mpaka atakaporudi.

Mahali tunapopapendekeza ni mji mdogo wa Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga. Uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni baridi hata jua la pwani linapowaka. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na maofisa wao walikuwa wakipanda huko kulikimbia joto. Reli yao iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905. Walipoondoka, jina lao liliondoka nao. Jina la Lushoto likabaki, na Wasambaa wakabaki na mashamba yao. Hilo peke yake ni zingatio kwa anayedhani kuwa kuandika jina lake juu ya mji ni kuumiliki.

Lakini historia ya milima ile ni kongwe kuliko Mjerumani, nasi watu wa pwani tuna fungu ndani yake. Katika karne ya 18 alitokea Ngulu mwindaji aitwaye Mbegha. Masimulizi yanasema kwamba alipokuwa mtoto aliota meno ya juu kwanza, na kwa itikadi za zama zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi. Jamaa zake wakamnyima urithi, akatoka. Akaingia Usambara, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawa mkarimu na mwamuzi mwadilifu, hata wakamfanya mtawala wao huko Vuga. Ndio asili ya ukoo wa Wakilindi. Mzao wake mashuhuri, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mnamo mwaka 1862, enzi yake ilishuka kutoka milimani mpaka ikakaribia bahari.

Na aliyetuhifadhia habari hizo kwa Kiswahili ni Mwislamu wa huku kwetu, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, aliyekaa na watawala hao kisha akawa liwali wa Tanga. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Wazazi wanaoweza kukipata wawasimulie watoto kabla ya safari. Mtoto anayejua kwamba Vuga iko ng'ambo ya mabonde yale ataitazama milima kwa jicho jingine. Na hadithi ya Mbegha ni fursa ya kuwafundisha kwamba katika dini yetu hakuna mtoto wa mkosi. Meno humwotea mtoto kama alivyopanga Muumba wake, na maneno ya kumtenga mtoto kwa umbile lake ni dhuluma, yakisemwa kale au yakisemwa leo.

Sasa tuingie katika mipango. Kwa familia za Tanga, siku mbili zinatosha: barabara hupita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha hupanda kilomita zipatazo 33 kupitia Soni. Kwa familia za Mombasa na Kwale, tunashauri kungoja likizo ya siku tatu au nne. Kuna mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, na kila mmoja, hata mtoto mchanga, awe na pasipoti au hati ya muda ya safari. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, huenda kikaulizwa. Laleni Tanga usiku wa kwanza, mpande mlima asubuhi. Kulazimisha kufika Lushoto siku hiyo hiyo ni kupanda kona zile gizani, dereva amechoka na watoto wanatapika.

Kutoka Mombo barabara ni ya lami, lakini ni nyembamba, na upande mmoja ni bonde. Hapo ndipo mkumbuke habari ya Anjasha. Ikiwa mmekodi gari, mwambieni dereva mapema kuwa hamna haraka, na mama akisema "punguza", isiwe kicheko. Epukeni masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa mvua kubwa hutelezesha udongo barabarani. Juni na Julai anga hutulia, ila baridi ni kali kwa watu wa pwani: sweta, soksi na blanketi la mtoto si anasa.

Kabla ya kulipia nyumba ya wageni, ulizeni mambo manne. Je, wanauza pombe mahali hapo hapo wanapokula wageni? Nyama yao inachinjwa na nani? Chumba cha familia kina faragha, na choo chake ndani? Na je, wanapika wao? Swali hili la mwisho ndilo la mama. Waislamu ni wengi Lushoto na misikiti iko, kwa hiyo chakula cha halali hakisumbui kupatikana. Ikiwa fedha hazitoshi kununua chakula kila wakati, basi fupisheni safari kwa siku moja, kuliko kumrudisha mama jikoni siku zote tatu. Na mkiamua kupika, wapike baba na vijana wa kiume. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali.

Mkifika, msijaze ratiba. Asubuhi moja ni ya Irente, ukingo wa mlima ambapo ardhi hukatika na tambarare inaonekana chini sana, mpaka macho yachoke. Shikeni watoto mikono, kwani ukingo ule hauna huruma. Asubuhi nyingine ni ya msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe, au maporomoko ya Soni mkiwa njiani. Soko nalo ni matembezi: viazi, karoti, kabichi, na katika msimu wake pichi, plamu na pea. Kisha pawe na saa nzima, mchana, ambayo watoto wako na baba, na mama hana analoulizwa. Akitaka kulala, alale. Akitaka kusoma Qur'ani peke yake akiangalia milima, aachwe.

Kuhusu swala, tutaje yale yanayohitajika kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Mume ambaye Ijumaa imemwajibikia haimpasi kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akiwa na hakika ya kuiwahi Ijumaa njiani. Basi ama aondoke kabla ya alfajiri, ama aswali kwanza. Safari hii ni zaidi ya masafa ya kupunguza swala, ambayo ni kilomita 80 na kitu. Mkishatoka nje ya majengo ya mji wenu, Adhuhuri, Alasiri na Isha huswaliwa rakaa mbili mbili, na Subhi na Magharibi hubaki kama zilivyo. Mnaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ruhusa hiyo haikatiki kwa kukaa Lushoto siku mbili tatu, maadamu hamkunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka. Mkiswali nyuma ya imamu mkazi, timizeni naye. Na maji yakiwa baridi, ubaridi wa kawaida hauruhusu kutayamamu: ombeni maji ya moto. Aliyevaa khuffu akiwa na udhu kamili anaweza kupangusa juu yake siku tatu na nyusiku zake awapo safarini, na hii ni rehema kubwa katika asubuhi za mlimani.

Tunajua pia kuwa si wasomaji wetu wote wanaoishi karibu na bahari. Wapo waliofuata kazi na biashara hadi kandokando ya Ziwa Victoria, na familia za Kisegi, upande wa Homa Bay na Migori, hazina haja ya kuvuka nchi nzima ili zione milima na historia. Vilima vya Gwassi viko jirani nao. Na katika kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, lililojengwa yapata karne ya 16. Kuta zake zina urefu wa kwenda juu wa mita moja na nusu hadi nne na nusu, nazo zimesimama mpaka leo. Mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huko familia huenda asubuhi na kurudi jioni, na mama hulala kitandani mwake. Kwa wengi hiyo ndiyo safari bora, kwa kuwa haina deni. Kukopa ili kusafiri, kisha nyumba ikakosa ada ya shule, si mapumziko.

Mtume alitufundisha pia kwamba safari ina adha zake, humzuilia mtu chakula chake na usingizi wake, na kwamba aliyemaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Basi rudini mapema Jumapili, kabla ya giza. Na mkifika nyumbani, nguo chafu zigawanywe kila mtu afue zake, na chakula cha usiku kinunuliwe. Safari ya mama haijaisha mpaka alale usiku huo bila ya kuingia jikoni.

Mwenyezi Mungu azihifadhi familia zetu ziwapo nyumbani na ziwapo safarini, na azitie mapenzi na huruma. Wabillahi tawfiq.