Upasuaji wa Pafu Usitangulie Jina la Kimelea

Mgonjwa wa Tunguu aliyemaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu, na bado anakohoa damu, hastahili kurudishiwa dawa zilezile kabla haijajulikana ni kimelea gani kilichomo pafuni. Hadubini huonyesha vijidudu vyekundu. Haisemi ni vya ukoo upi. Hadubini ikiviona, na kipimo cha GeneXpert kikakana kifua kikuu, washukiwe mikobakteria wengine, wale wakaao majini na udongoni, na makohozi yaoteshwe maabara. Huchukua majuma. Ni subira yenye faida.

Matibabu yake ni marefu: kwa kundi la Mycobacterium avium, dawa humezwa angalau miezi 12 tangu makohozi yatakate. Upasuaji, yaani kuondoa pande la pafu lenye tundu au lililoharibika, huingia pale dawa zinaposhindwa, vimelea vinapokuwa sugu, au damu isipokoma. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unaukubali kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa makini, pamoja na dawa, si badala yake. Ugonjwa ukishaenea mapafu yote mawili, mpasuaji mara nyingi hana pa kukata.

Kwa hiyo rufaa ya mapema kwenda Muhimbili kutafuta ushauri si kukata tamaa, ingawa jamaa huichukulia hivyo. La kuhuzunisha ni mgonjwa kuvushwa bahari akiwa amekonda, pumzi haba, bila majibu ya uoteshaji mkononi: nauli ya boti imekwisha, na mpasuaji hana cha kuamulia.