Macho ya Watoto Wetu Thelujini

Ifikapo Februari, shule za Uswidi hufunga kwa juma moja la likizo ya michezo, na huko Norwei walimu huwatoa wanafunzi kwenda kuteleza juu ya theluji. Miongoni mwao wamo watoto wa ndugu zetu waliohamia huko kutoka pwani, Kongo na Burundi. Mzazi aliyelelewa Tanga au Bujumbura huletewa orodha ya vifaa, na baina ya koti na glavu hukuta miwani. Wengi huidhani pambo, wakaiahirisha. Sisi twaona itangulizwe.

Theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua ya urujuanimno, basi jicho hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Kila mita 1,000 za kupanda mlima, miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, na mawingu hayaizuii yote. Utando wa mbele wa jicho huungua kama ngozi iunguavyo. Maumivu hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, mtoto akiwa amekwisha kurudi nyumbani, ahisi mchanga machoni na asiweze kuitazama taa. Huo ndio uitwao upofu wa theluji. Wainuiti waliujua tangu kale, wakachonga miwani ya mifupa na mbao yenye ufa mwembamba tu wa kuonea.

Dukani, kwanza itafutwe alama ya UV400 au maelezo kwamba lenzi huzuia miale hiyo kwa asilimia 100. Weusi wa lenzi si kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia miale ni mbaya zaidi, kwani gizani mboni hupanuka na kuikaribisha miale ndani.

Weusi hupimwa kwa herufi S na nambari. S1 hupitisha asilimia 43 hadi 80 ya mwanga, nayo yafaa siku ya mawingu mazito. S3 hupitisha 8 hadi 18, ni ya jua kali. S4 ni ya barafu za milima mirefu, wala hairuhusiwi kuendeshea gari. Kwa familia inayonunua miwani moja tu, twapendekeza S2 ya rangi ya machungwa au waridi, ambayo huonesha mabonde na vilima vya theluji hata anga likififia. Zipo lenzi zinazobadilika zenyewe kwa mwanga, lakini bei yake ni kubwa na kichwa cha mtoto hakiachi kukua.

Jambo linalowasumbua wengi ni ukungu. Mtoto asiyeona mbele huivua miwani, na kinga yote ikaishia hapo. Ichaguliwe yenye lenzi mbili zilizoachiwa nafasi ya hewa baina yake, na matundu juu na chini yaliyofunikwa sponji nyembamba. Kwa mabinti zetu, hijabu iwe ya michezo, nyepesi, isizibe matundu ya juu. Na skafu ya mdomoni isiingizwe chini ya miwani, maana pumzi yote itapanda ndani. Ajaribu vyote pamoja dukani, hijabu, kofia ngumu na miwani, aone kama kuna pengo kipajini au pua inabanwa. Avaaye miwani ya macho atafutiwe ile pana iliyotengenezwa kuvaliwa juu yake.

Miwani iliyokwisha kutumika si aibu, ila sponji isiwe imebanduka wala lenzi isiwe na mikwaruzo. Mtoto aonywe asiipandishe kipajini penye jasho, wala asifute upande wa ndani kwa glavu, kwani dawa ya kuzuia ukungu hutoka. Ikirudi imelowa, ianikwe mbali na hita, kisha itiwe katika mfuko wake wa kitambaa.