Krapf si Majazi: Jina la Ukoo ni Ushahidi wa Nani?

Wahenga walituachia methali kwamba jina jema hung'aa gizani. Hawakutuambia, hata hivyo, kuwa kila jina ni taa ya kumulikia tabia za anayeitwa kwalo. Nalisema hili kwa sababu ya kisa kilichonipata katika semina moja ya uzamili. Nilikuwa nikiwasilisha kazi yangu kuhusu wamishonari na uchunguzi wa Kiswahili katika karne ya 19. Nilipomfikia Johann Ludwig Krapf, nikatangaza kwa mbwembwe kuwa jina lake, kwa Kijerumani cha zamani, lina maana ya 'kulabu', na kwamba hiyo ndiyo kulabu iliyoivua lugha yetu kutoka katika bahari ya hati za Kiarabu. Wenzangu walipiga makofi. Mhadhiri mmoja aliyeketi nyuma hakupiga. Aliniuliza swali moja tu: "Na baba yake Krapf, aliyekuwa mkulima, yeye alivua nini?" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikakosa jibu.

Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Ninanuia kutetea hoja moja: kwamba jina la ukoo ni ushahidi mzito kuhusu jamii iliyolitoa, lakini si ushahidi wowote kuhusu tabia ya mtu aliyelirithi. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea mbinu ya majazi hata tukaihamisha kutoka riwayani hadi katika historia. Shaaban Robert alipowaita ndugu watatu Adili, Hasidi na Mwivu katika Adili na Nduguze, alikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa ndiye aliyewaumba na ndiye aliyewapa majina. Krapf hakuumbwa na mtunzi. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, akalikuta jina limekwisha kumtangulia nyumbani.

Tuanze na asili ya jina lenyewe. Katika Kijerumani cha Enzi za Kati palikuwa na neno krapfe, lenye maana ya kulabu au kitu kilichopinda. Kutokana na umbo hilo la kupinda, neno hilohilo lilitumiwa kuita aina ya andazi la kukaangwa. Hadi leo, katika sehemu za kusini mwa Ujerumani na huko Austria, andazi la namna hiyo huitwa Krapfen. Wataalamu wa majina kwa hiyo hutoa njia mbili ambazo kwazo mtu angeweza kuitwa Krapf. Mosi, lilikuwa jina la utani la mtu aliyepinda mgongo au mwenye umbo la kulabu. Pili, lilikuwa jina la mtu aliyepika au kuuza maandazi hayo. Njia zote mbili zinawezekana, na huenda familia moja ilipitia ya kwanza na nyingine ya pili. Mwenye kung'ang'ania 'kulabu' kwa kuwa inafaa hoja yake, kama nilivyofanya mimi, basi na akubali pia kumwita mmishonari huyo Bwana Andazi. Hapo ndipo uchambuzi wetu unapogeuka kuwa mzaha.

Hali kadhalika, sauti za jina hili zina habari ya kutupa. Wanaisimu wa Kijerumani hueleza mabadiliko ya konsonanti yaliyotokea karne nyingi zilizopita, ambapo sauti p ya zamani iligeuka kuwa pf au f katika lahaja za kusini, huku lahaja za kaskazini zikiihifadhi p. Mathalani, tofaa ni Apfel katika lugha sanifu, iliyofuata kusini katika jambo hili, bali ni Appel kaskazini. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana anajua kuwa Mmvita husema mato pale ambapo Muunguja husema macho. Jina lenye pf mwishoni, basi, linatuelekeza kusini. Hapa jina linashuhudia kweli: linashuhudia lahaja ya watu waliolitamka kwanza. Linasema "watu hawa walikuwa wa kusini". Halisemi "mtu huyu atakuwa mjanja" wala "mtu huyu atakuwa mnyang'anyi".

Swali la pili ni hili: maana ya jina hufa lini? Majina ya ukoo yalianza kuenea Ujerumani tangu karne ya 12, hasa katika miji ya kusini na magharibi, miji ilipokuwa na watu wengi walioitwa Johannes au Heinrich hata ikawa shida kuwatofautisha. Mmoja akaitwa kwa kazi yake, mwingine kwa kijiji alikotoka, mwingine kwa jina la babake, na mwingine kwa kasoro ya mwili wake. Kwa kizazi cha kwanza, jina lilikuwa na maana hai: Müller alikuwa akisaga nafaka kweli, na Schmidt alikuwa mhunzi kweli. Lakini jina liliporithiwa, mjukuu wa mhunzi akawa mshonaji huku akiendelea kuitwa Schmidt. Tangu hapo neno likabaki ganda, kiini kikatoka. Mtoto Krapf wa mwaka 1810 alizaliwa katika nyumba ya mkulima. Hakuwa mpika maandazi, na jina halikungoja kuona kama mgongo wake ungepinda.

Isitoshe, jambo hili halikutokea kote kwa wakati mmoja. Katika Frisia ya Mashariki, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, watu waliendelea kumwita mtoto kwa jina la babake, kizazi baada ya kizazi, hadi amri ya utawala wa Napoleon ya mwaka 1811 ilipowalazimisha kuchagua jina moja la kudumu. Wayahudi wa Prussia walitakiwa kufanya vivyo hivyo kwa sheria ya mwaka 1812. Kisha, kuanzia mwaka 1876, ofisi za serikali za kusajili vizazi, ndoa na vifo zikaenea katika dola nzima ya Ujerumani, na tahajia ya kila jina ikaanza kuganda jinsi karani alivyoiandika. Majina mawili yaliyotofautiana kwa herufi moja tu, ambayo pengine yalikuwa jina moja karne iliyotangulia, yakawa koo mbili mbele ya sheria.

Hapo sina budi kutabasamu. Cheti changu cha kuzaliwa na cheti changu cha shule vimeliandika jina la babu yangu kwa tahajia mbili tofauti, na nimekwisha kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kuwa watu hao wawili ni mimi mmoja. Mtafiti atakayevikuta vyeti hivyo miaka 200 ijayo akasema kuwa koo mbili zilihasimiana na kutengana, atakuwa amesoma kosa la karani kana kwamba ni historia ya ukoo.

Tuje sasa kwenye idadi. Kwa nini majina mengine yana watu wengi, na mengine yana wachache mno? Chanzo kikubwa cha habari hizi ni Atlasi ya Majina ya Ukoo ya Ujerumani, iliyotolewa kwa majuzuu kati ya mwaka 2009 na 2018, na ambayo ilitegemea orodha ya laini za simu za nyumbani za mwaka 2005. Orodha hiyo ilikuwa na takriban majina 850,000 yanayotofautiana. Müller peke yake lilikuwa na laini zaidi ya 250,000. Ikumbukwe kuwa laini moja ni nyumba na si mtu, kwa hiyo idadi ya watu ni kubwa zaidi. Baada ya Müller huja Schmidt, Schneider na Fischer: mhunzi, mshonaji na mvuvi. Krapf halimo katika safu hiyo ya mbele.

Sababu yake haina muujiza. Kila kijiji kilihitaji msagaji, kwa hiyo jina Müller lilizuka mara nyingi, mahali pengi, kwa watu wasiohusiana kabisa. Jina la utani lililotokana na kulabu au andazi lilizuka mahali pachache, tena katika eneo la lahaja moja. Juu ya hayo, kuna bahati ya uzazi. Francis Galton alilitoa swali hili hadharani mwaka 1873, na Henry William Watson akalishughulikia kwa hisabati: ikiwa jina hupitia kwa wana wa kiume pekee, na baadhi ya wanaume hawapati wana, je, ni majina mangapi yatatoweka baada ya vizazi kadhaa? Jawabu ni kwamba majina mengi yaliyoanza na watu wachache hufa bila mtu yeyote kuyaua. Vita na maradhi huongeza kasi, kama vilivyofanya Vita vya Miaka Thelathini kati ya mwaka 1618 na 1648, ambavyo viliacha sehemu nyingi za Ujerumani zikiwa mahame. Kwa hiyo, uchache wa jina si dalili ya uungwana, na wingi wake si dalili ya unyonge. Ni hesabu tu ya mwanzo na bahati.

Nayo sheria ina mkono wake. Kwa muda mrefu mwanamke wa Kijerumani alipoolewa alipoteza jina la kwao, na hivyo majina yasiyo na wana yakazidi kupungua. Tangu mwaka 1994 wenzi wameruhusiwa kila mmoja kubaki na jina lake, na sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2025 imewapanulia nafasi ya kuyaunganisha majina yao mawili. Kwa upande mwingine, mwaka 1938 serikali ya Wanazi iliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha yake waongeze jina Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake, ili watambulike na kutengwa. Nani asiyeona kwamba majina hayo yalishuhudia uovu wa waliowabandika wengine, na kwamba hayakusema lolote kuhusu waliobandikwa? Hiyo ndiyo hoja yangu katika sura yake ya kutisha zaidi. Jina humsema mtoaji.

Najua nitapingwa. Atatokea mwenzangu aseme kuwa katika jamii zetu majina yana maana, kwamba mtoto huitwa Juma kwa siku aliyozaliwa, au hupewa jina la msimu, la tukio au la nyanya yake. Nakubali. Lakini hata hapo jina hueleza hali ya nyumba na wakati wa kuzaliwa, yaani humwelekea mtoaji. Aliyeitwa Juma hana hakika ya kuwa mtu wa sala. Tena jina hilo hutolewa upya kwa kila mtoto, ilhali jina la ukoo la Kijerumani hurithiwa bila kuulizwa. Kuyachambua mawili hayo kwa kipimo kimoja ni kuchanganya chuya na mchele.

Kwa nini nimelishupalia jambo hili? Ni kwa sababu mzaha wa jina umetuondolea kazi tuliyopaswa kuifanya. Krapf ana ya kujibu, na hayapatikani katika jina lake. Aliwasili Mombasa mwaka 1844, akachapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa, iliyoegemea zaidi Kimvita, ikatoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alipendelea Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi badala ya hati za Kiarabu ambazo Waswahili walikuwa wakizitumia kuandikia tenzi zao, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hofu ya kueneza Uislamu. Hilo ni jambo la kujadiliwa kwa maandishi yake mkononi. Nilipolifunika kwa kulabu, nilimpunguzia mzigo, kwa kuwa nililifanya tendo la hiari yake lionekane ni ajali ya kuzaliwa.

Na kuna kinaya kimoja ambacho hakihitaji kubuniwa. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, Krapf aliuona mlima mrefu wenye theluji na kuliandika jina lake jinsi alivyolisikia, mara Kenia, mara Kegnia. Jina la nchi yetu limepitia kalamu hiyo. Yeye mwenyewe, kitabu chake cha safari kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, aliitwa Lewis badala ya Ludwig, ila Krapf likabaki vilevile. Aliyeandika majina ya wengine, jina lake nalo lilibadilishwa nusu na wengine.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Tunapokutana na jina katika historia ya lugha yetu, tuulize kwanza ni nani aliyelitoa, wapi, kwa lahaja gani, na nani aliyeliandika. Majazi tuwaachie watunzi. Nimeirudia ile kazi ya semina, nikaifuta aya ya kulabu na kuandika mahali pake kurasa tatu kuhusu hati za Kiarabu. Safari hii sidhani nitapigiwa makofi, lakini mhadhiri wa nyuma akiuliza swali, nitakuwa na jibu.