Ukumbi Tunamozungumza Ni wa Nani?

Katika harakati zetu za kudai mageuzi, tumezoea kuiita Marekani kama shahidi wa mwisho, yule ambaye akishanena wakili wa upande wa pili huketi chini. Desturi hiyo ina sababu zake. Mwaka wa 1990, Kifungu cha 2A kilipokuwa bado kimeifunga nchi yetu ndani ya chama kimoja, balozi wa Marekani, Smith Hempstone, alitangaza hadharani kwamba Bunge la kwao lilielekea kuzipendelea kwa misaada nchi zinazostawisha demokrasia. Watawala walighadhabika, na waliotutangulia katika harakati hizi wakapata moyo. Hata hivyo, kila shahidi, hata awe rafiki wa mdai, hana budi kuhojiwa.

Kwa kazi hiyo tumemchagua Mzungu mmoja aliyefariki mwaka wa 1859. Alexis de Tocqueville alikuwa Mfaransa, mwanasheria, na mzaliwa wa ukoo wa kikabaila. Alifika Marekani Mei 1831 akiwa na umri wa miaka 25, pamoja na rafiki yake Gustave de Beaumont, kwa kazi rasmi ya kuchunguza magereza. Magereza waliyaona na ripoti wakaiandika, lakini katika miezi tisa ya safari ile Tocqueville aliichunguza nchi nzima. Kitabu chake juu ya demokrasia ya Marekani kilitoka kwa sehemu mbili, ya kwanza mwaka wa 1835 na ya pili 1840, na hadi leo Wamarekani wenyewe hukirejelea wanapotaka kujua walikuwa watu wa namna gani.

Yapo aliyoyasifu kwa dhati. Alistaajabu kwamba Mmarekani akiona kasoro mtaani pake hangojei serikali. Huwaita majirani wakaunda chama, kiwe cha kujenga shule au cha kupiga vita ulevi. Alistaajabu pia kwamba makanisa ya huko, yakiwa yametengwa na dola, yalikuwa na nguvu zaidi katika mioyo ya watu kuliko kanisa la kwao Ufaransa lililokuwa limezoea kukaa kivulini mwa mfalme. Wasomaji wetu wa makanisani watalitambua jambo hilo bila kuelezwa. Tumewaona hapa nyumbani maaskofu waliosema kweli kwa kuwa hawakuwa wakila mezani pa Ikulu, na tumewaona pia waliokuwa wakila.

Kuhusu magazeti, maoni yake yalikuwa ya mwanasheria mwangalifu. Hakuyapenda sana. Aliyaona ya Marekani kuwa yamejaa matusi na hayaheshimu faragha ya mtu. Lakini alishikilia kwamba uhuru wao ulindwe, na kinga aliyoiona dhidi ya ubaya wao haikuwa mkaguzi wa serikali bali wingi wao. Katika Marekani ya wakati ule mtu hakuhitaji leseni ili achapishe gazeti, na karibu kila mji mdogo ulikuwa na lake. Kila moja lilivuta upande wake, wala hakukuwa na mhariri mmoja aliyeweza kuliburuta taifa zima. Ufaransa, kwa upande mwingine, sauti zilikuwa zimekusanyika Paris, mikononi mwa watu wachache.

Hoja hiyo tunaifahamu kwa uchungu. Serikali ilipolipiga marufuku jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa mwaka wa 1988, baada ya jarida hilo kuuanika udanganyifu wa uchaguzi wa mlolongo, ukweli haukuzikwa, kwa sababu zilikuwapo mimbari, vikaratasi vya kupitishwa mkono kwa mkono, na majarida mengine yaliyokataa kunyamaza.

Sasa itazameni Marekani ya miaka hii. Oktoba 2022 Elon Musk alinunua mtandao wa Twitter kwa dola bilioni 44, kisha akaupa jina la X. Mark Zuckerberg anashika hisa za aina ya pekee katika kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, kiasi kwamba wenye hisa wengine wote wakiungana hawawezi kumshinda kwa kura. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alinunua gazeti la Washington Post mwaka wa 2013. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti hilo likatangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais, na Bezos akajitokeza mwenyewe kuutetea uamuzi huo. Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi ule kumsaidia Donald Trump na chama chake. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka wa 2010, katika kesi ya Citizens United, ilipoamua kwamba serikali haiwezi kuyazuia makampuni kutumia fedha zao kwa kampeni wanazoziendesha wenyewe. Tarehe 20 Januari 2025, Trump alipokuwa akila kiapo, matajiri hao watatu walikaa mbele ya watu walioteuliwa kuwa mawaziri. Mpangilio wa viti haukuhitaji mfasiri.

Mtu atasema kwamba matajiri wamemiliki magazeti tangu zamani. Ni kweli, lakini mhariri wa gazeti huchagua habari mbele ya macho ya msomaji, na akikashifu mtu hushtakiwa. Mwenye jukwaa la mtandaoni huamua kwa hesabu za mitambo, zilizofichwa hata kwa wanaolitumia, ni sauti gani ipazwe na ni ipi izamishwe. Na sheria ya Marekani ya mwaka wa 1996 inamkinga, isipokuwa katika mambo machache, asiwajibishwe kwa yanayoandikwa humo na wengine. Ana mamlaka ya mhariri bila dhima ya mhariri. Tusijifanye kwamba sisi hatujanufaika: Juni 2024 vijana wetu waliitana kupitia majukwaa hayo hayo kuupinga Mswada wa Fedha, na Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini katika ukumbi ule walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba hawakumchagua wao.

Tukirudi kwa Tocqueville, maoni yake juu ya ujira ndiyo yasiyosomwa sana, na kwetu ndiyo yenye uzito. Aliamini kwamba kadiri watu wanavyokaribiana kwa hali, ndivyo ujira wa mfanyakazi unavyopanda polepole. Kisha akaitolea hoja yake kasoro. Katika viwanda vikubwa, alisema, wenye mali ni wachache na ni rahisi kwao kuafikiana kushusha malipo. Wafanyakazi ni wengi, na wakigoma, tajiri anaweza kungoja miezi ilhali wao hawawezi kungoja hata siku chache, kwani watoto watataka kula. Alionya kwamba ikiwa tabaka la mabwana litarudi siku moja katika nchi za kidemokrasia, litaingia kwa mlango huo wa viwanda. Huyu hakuwa mjamaa. Mwaka wa 1848 alisimama katika Bunge la Ufaransa akaushambulia ujamaa waziwazi. Ndiyo maana ushahidi wake hauwezi kutupwa kwa kumwita mchochezi, jina ambalo sisi tumeitwa kila tulipotaja mkate.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Bunge la Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapandishwa tangu Julai 2009, ingawa majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi. Aprili 2022 wafanyakazi wa ghala la Amazon katika Staten Island, New York, walipiga kura 2,654 dhidi ya 2,131 kuunda chama chao. Kampuni ilikimbilia kuyapinga matokeo, na miaka ikapita bila mkataba kutiwa sahihi. Sisi tunaojua maana ya kushinda kura na kunyimwa matokeo yake hatuhitaji kufafanuliwa. Linganisheni na Sweden, nchi isiyo na sheria ya kima cha chini, kwani mishahara hupatanwa baina ya vyama na waajiri. Mafundi wa Tesla, kampuni ya huyo huyo Musk, waliponyimwa mkataba wa pamoja waligoma mnamo Oktoba 2023, na wafanyakazi wa bandari, wa posta na wa umeme wakawaunga mkono kwa kukataa kuihudumia kampuni hiyo.

Ulaya imejaribu pia kutunga sheria, ikiwemo ile ya mwaka wa 2022 inayoyataka majukwaa makubwa kufichua yanavyofanya kazi, la sivyo yatozwe faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yao ya dunia nzima. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Mfaransa mwingine, Thierry Breton, aliyekuwa kamishna katika Umoja wa Ulaya. Agosti 2024 Breton alimwandikia Musk barua ya onyo saa chache kabla ya mazungumzo yake na mgombea Trump katika mtandao wa X. Kwa maoni yetu barua ile ilivuka mpaka, kwani mtumishi wa dola hana ruhusa ya kumtisha mtu kwa maneno ambayo hayajasemwa. Wenzake wenyewe walijitenga nayo. Lakini jibu la Marekani lilikuwa la ajabu zaidi. Desemba 2025, kwa jina la kulinda uhuru wa maoni, serikali ya Washington ilimpiga marufuku Breton, pamoja na Wazungu wengine wanne, wasiingie nchini humo. Mwaka wa 1831 Mfaransa mgeni alifunguliwa hata milango ya magereza ili aone na aseme alivyoona.

Na huyu shahidi wetu wa Ulaya naye asiachwe bila kuhojiwa. Tocqueville aliyeulaani utumwa wa Marekani alizuru Aljeria mwaka wa 1841, kisha akaandika kwamba kuchoma mazao na kuwakamata raia wasio na silaha ni mambo ya kusikitisha lakini ya lazima katika kuiteka nchi hiyo. Jicho lake lililoona mbali hivyo lilifumba lilipovuka bahari. Maradhi hayo hayajapona. Brussels na Washington zinapogombana juu ya majukwaa, hakuna anayemtaja kijana wa Nairobi.

Vijana hao walikaa katika ofisi za kampuni ya Sama jijini mwetu, wakichuja kwa niaba ya Facebook picha za mauaji na ubakaji ili watu wengine wasizione. Februari 2022 jarida la Marekani, TIME, liliripoti kwamba baadhi yao walikuwa wakipata dola 1.50 kwa saa. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, anasema alifutwa kazi mwaka wa 2019 baada ya kuongoza jitihada za kuunda chama, na Mei 2022 akaishtaki Sama pamoja na Meta hapa Nairobi. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Makampuni yameyapinga madai hayo, na mahakama ndiyo itakayoamua. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo wa kuihukumu, kwa kuwa haina makao hapa. Mahakama ya Ajira iliikataa hoja hiyo Februari 2023, na Mahakama ya Rufaa ikaikataa tena Septemba 2024. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya kuunda chama na ya kugoma, wala hakimtengi anayefanyia kazi tajiri wa ng'ambo.

Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 wa wafanyakazi wa namna hiyo walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao. Makanisa yetu yaliwahi kuwafungulia milango waliokataliwa kumbi kila mahali. Kanisa Kuu la All Saints lilifanya hivyo hata polisi wakawavamia watu ndani yake tarehe 7 Julai 1997. Tunawaomba wachungaji na wazee wa makanisa ya jijini wawape vijana hawa nafasi ya kukutana, na mawakili wanaosoma ukurasa huu wajitolee saa chache kila mwezi kuwasaidia kuandikisha chama hicho na kuzifuatilia kesi zao.