Chama hakumsaliti mtu

KUTOKA STESHENI
Na Ramadhani Shija

Tarehe 1 Julai 2024 Yanga walipomtangaza Clatous Chama, vijiwe vya hapa Igalula viligawanyika kama kawaida. Wana Jangwani walikenua meno, wana Msimbazi wakamwita mtu msaliti, na jezi moja nyekundu yenye namba 17 niliikuta inafutia baiskeli.

Kamsaliti nani? Mkataba wa Mzambia yule na Simba ulikuwa umekwisha. Hakutoroka usiku wala hakuondoka na senti ya mtu. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu ana ruksa ya kuzungumza na klabu nyingine. Kwa kuwa mikataba mingi ya ligi yetu huisha Juni, ikifika Januari mlango uko wazi. Klabu inayomtaka mtu kweli humwita mezani mapema, wakati bado ina sauti kwenye bei. Za kwetu hungoja ligi iishe, viongozi wagombane kwanza kuhusu kocha, ndipo wakumbuke kwamba kiungo wao ana simu na wakala wake ana simu mbili. Akiondoka bure, lawama zote zake.

Wanyamwezi tunapaswa kuwa watu wa mwisho kushangaa. Babu zetu walikuwa wachezaji huru kabla mpira haujafika. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tura, Rubuga na Kigwa, hapa hapa jirani, kabla ya kuingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira: doti za merikani au kaniki, pamoja na posho ya njiani. Mzigo wa kilo 30 hivi haukupanda begani mpaka bei ikubaliwe. Na walijua msimu wao. Mvua zikikaribia kila mtu anataka kuwahi shamba lake, wapagazi wanaadimika, na mwenye msafara mwenye haraka ama anaongeza vitambaa ama anakaa Kwihara, jirani na Kazeh, anahesabu siku. Posho ikikatwa, mizigo inatua chini. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kuhusu tabia hiyo. Mimi nikiyasoma nacheka, maana anayelalamika ni mwajiri aliyezidiwa kwenye mapatano.

Mjukuu wa wapagazi hao ndiye anayenitia wasiwasi. Kwenye ndondo zetu za kugombea ng'ombe anajua kupatana vizuri tu. Mamluki anayetoka Tabora mjini kuja kuichezea timu ya kijiji haingii uwanjani kabla hajashika nauli ya kuja na kurudi, hela ya kula na chake cha mkononi. Wapo wanaovaa kiatu kimoja, kingine wanakishikilia mpaka mwenyekiti wa timu amalizie. Lakini kijana huyo huyo akiitwa na klabu yenye ofisi na muhuri, anaambiwa saini hapa, anasaini, anapiga picha na jezi. Nakala hana. Muulize mkataba ni wa miaka mingapi, atakwambia miwili, sijui mitatu.

Ujuzi wa kusoma mkataba si wa kuuchukulia kirahisi, kwani hata majina makubwa yamekwama. Desemba 2022 Feisal Salum, yaani Fei Toto, aliiwekea Yanga Sh milioni 112, yaani milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaamini yuko huru. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje miezi kadhaa, mpaka Rais Samia alipoligusia suala lake mbele ya viongozi wa Yanga Ikulu, Juni 2023, na siku chache baadaye akauzwa Azam. Mkataba wa mpira ukifika Ikulu, basi aliyeuandika na aliyeusaini wote hawakufanya kazi yao. Kwa winga Bernard Morrison klabu ndiyo iliyoumia: Yanga walidai wana saini yake ya miaka miwili, yeye akasema alisaini miezi 6, na mwaka 2021 mahakama ya michezo, CAS, ikaitupa rufaa ya Yanga.

Na sisi wa Tabora tusiwacheke Simba na Yanga wa Kariakoo. Tangu Rhino Rangers iliposhuka mwaka 2014, mkoa uliisubiri tena Ligi Kuu. Ikaja. Agosti 16, 2023 Tabora United, ambayo wengi bado tuliiita Kitayosce, ilianza ligi pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane, kwa sababu usajili wa wengine ulikwama baada ya klabu kufungiwa na FIFA. Wawili wakaumia, wakabaki sita, mchezo ukavunjika mapema kipindi cha kwanza Azam wakiwa mbele 4-0. Matatu kati ya hayo alifunga Fei Toto, yule yule. Tulifungwa na makaratasi kabla ya kufungwa na mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wazazi wa huku, Goweko na Kigwa wakiwemo. Kijana akiitwa na klabu, mmoja wenu aende naye. Ombeni mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili na mrudi nyumbani na nakala. Angalieni unaisha tarehe ngapi, na anayetaka kuuvunja atalipa kiasi gani na kwa utaratibu upi, maana hapo ndipo Fei alipokwama. Mshahara nao msiuonee haya: FIFA inamruhusu mchezaji ambaye hajalipwa miezi miwili kuvunja mkataba, mradi kwanza aiandikie klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Kama lugha ya kisheria inawashinda, mwalimu wa sekondari yupo, mtendaji wa kata yupo. Wafuateni kabla kijana hajashika kalamu.